Mashine Ilipoacha Kuuliza

Usiku ule muuguzi alisema, "Kreatinini ya mzee imepanda sana," akaondoka na faili lake. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido. Sikujua kreatinini ni mnyama gani, na niliona aibu kumfuata kumuuliza. Basi nikatoa simu, nikaandika neno lile kama nilivyolisikia. Nilisoma mpaka saa nane usiku: figo, kusafisha damu, chumvi, protini, gharama.

Asubuhi simu ilikuwa imeshanijua. Habari ya kwanza niliyoletewa, kabla hata ya siasa na mpira, ilikuwa ya vyakula vitano vinavyolinda figo. Siku iliyofuata zikawa mbili, kisha nne. Sitaki kudanganya: kwa wiki tatu nilishukuru. Baadhi ya makala zile ndizo zilizonipa maswali ya kumuuliza daktari, na daktari alianza kuniangalia kama mtu anayeelewa anachozungumza.

Wiki ya nne baba alifariki. Tukazika, tukaanua matanga, nikarudi Dar kazini. Simu haikuwa na habari ya msiba. Iliendelea kuniambia mgonjwa wangu asile ndizi nyingi, na kunionyesha mahojiano na mtu aliyepewa figo na dada yake. Iliendelea hivyo miezi mitano. Kila kichwa cha habari kama hicho kilipotokea nilikuwa nasita kidogo, maana nani angekipita tu? Kumbe kule kusita ndiko kulikokuwa kunahesabiwa. Mashine iliona kidole kimesimama, ikahitimisha kwamba mteja bado anataka figo.

Nilitafuta pa kuiambia. Nikapata kitufe kimoja kimeandikwa "Sipendezwi na hii." Nikakibonyeza, lakini hata nilipokuwa nakibonyeza nilijua nasema uongo. Nilipendezwa sana. Ila sababu ya kupendezwa ilikuwa imekwisha, na hakukuwa na mahali pa kuiandika sababu.

Nilipotulia, udadisi wa kazi ukanishika. Nikaanza kufuatilia historia ya hizi programu zinazojifunza tunachokipenda kisha zikatuletea habari bila kuagizwa. Nilidhani ningeishia miaka kumi au kumi na tano nyuma, zama za simu janja. Nimeishia mwaka 1958, kwa mtu ambaye karibu kila Mtanzania mwenye simu amewahi kuigusa kazi yake bila kujua. Nimekuta pia kwamba mashine hizi hazikuzaliwa bubu. Zamani zilikuwa zinauliza.

Mtoto wa mchapaji

Hans Peter Luhn alizaliwa mwaka 1896 huko Barmen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa uchapaji. Luhn alihamia Marekani, akafanya kazi kwenye biashara ya vitambaa, akabuni kifaa cha kuhesabia nyuzi za kitambaa kilichoitwa Lunometer. Mwaka 1941 akaajiriwa na kampuni ya IBM. Alikuwa mtu wa kuhesabu vitu ambavyo wengine walivitazama tu.

Mnakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia? Nchi nzima tulikuwa tunabonyeza *#06# kuangalia namba ya utambulisho wa simu, ile ndefu yenye tarakimu 15. Tarakimu ya mwisho pale haiwekwi kwa kubahatisha. Inatokana na tarakimu 14 zilizotangulia kwa hesabu aliyoibuni Luhn, ili mtu akikosea namba moja mashine igundue. Hesabu hiyo hiyo iko kwenye kadi za benki.

Lakini kinachotuhusu leo ni makala zake mbili za mwaka 1958, wakati Tanganyika ikiwa bado na miaka mitatu kufikia uhuru. Ripoti za kisayansi zilikuwa zinamiminika, na hakuna mtaalamu aliyeweza kuzisoma zote. Katika makala ya kwanza, iliyotoka Aprili, Luhn alisema mashine inaweza kuufanyia muhtasari waraka bila kuuelewa. Ihesabu maneno tu. Yanayojirudia mno, yale ya aina ya "na", "ya" na "kwa" yetu, yatupwe. Yanayotokea kwa nadra mno yatupwe pia. Yaliyobaki katikati ndiyo yaliyobeba hoja, na sentensi zilizosheheni maneno hayo ndizo muhtasari.

Makala ya pili, ya Oktoba, ndiyo babu wa simu yangu. Luhn alipendekeza kila mfanyakazi awe na wasifu wake ndani ya mashine, yaani orodha ya maneno yanayoonyesha kazi anayoishughulikia. Waraka mpya ukiingia, mashine inaulinganisha na wasifu wa kila mtu, kisha inampelekea muhtasari yule anayefaa. Huyo akiomba waraka mzima, mashine inaandika kwamba ameutaka, na wasifu wake unabadilika kidogo kufuata alichokitaka. Mambo ya zamani yanafifia taratibu ndani ya wasifu huo. Someni tena sentensi hizo. Hakuna intaneti, hakuna simu, kompyuta zenyewe ni makabati, na bado wazo lote liko pale.

Hapa nifungue mabano kidogo kwa ajili yetu tunaosoma na kuandika Kiswahili. Luhn alihitaji mashine itambue kwamba maneno mawili ya asili moja ni wazo moja. Kanuni yake ilikuwa rahisi: linganisha herufi kuanzia mwanzo wa neno, zinapoanza kutofautiana, hesabu herufi zilizobaki kwenye maneno yote mawili, zikiwa sita au pungufu, hayo ni neno moja. Kwa Kiingereza, kinachobadilisha maneno mwishoni, kanuni inafanya kazi. Sasa ijaribu kwa Kiswahili. "Anasoma" na "walisoma" zinatofautiana tangu herufi ya kwanza, kwa hiyo mashine ingeziona kama mawazo mawili yasiyohusiana. Lakini "anakula" na "anakufa" zinaachana herufi mbili tu za mwisho, kwa hiyo mashine ingeziweka fungu moja. Anayekula na anayekufa, wazo moja! Mbinu zimebadilika sana tangu wakati huo, lakini ukishangaa kwa nini mashine inakuelewa vizuri zaidi ukiandika Kiingereza, kumbuka kwamba msingi ulijengwa na watu waliokuwa wanatazama mwisho wa neno, wakati sisi mambo yetu mengi yako mwanzoni.

Turudi kwenye historia. Mifumo iliyojengwa kwa wazo la Luhn ilipofika maofisini, muhtasari ulikuja na kadi. Mtaalamu alisoma, akatoboa tundu kwenye kadi kueleza kama waraka unamhusu au haumhusu, akairudisha. Kadi ndiyo iliyoifundisha mashine. Yaani mhudumiwa alikuwa anaulizwa, alikuwa anajua anaulizwa, na alijua jibu lake linakwenda wapi. Luhn alifariki mwaka 1964.

Mkutubi asiye na mwili

Mwaka 1979 mtafiti wa kompyuta, Mmarekani Elaine Rich, alichapisha makala kuhusu programu aliyoiita Grundy. Wapenzi wa vitabu mnapaswa kuijua, maana kazi yake ilikuwa kupendekeza riwaya. Iliigiza mkutubi.

Ukikaa mbele ya Grundy, kwanza ilikuomba ujieleze kwa maneno machache. Wewe ni mtu wa namna gani? Kutokana na maneno hayo iliokota mafungu ya watu ambayo Rich alikuwa ameyaandaa: msomi, mwanamichezo, mtetezi wa haki za wanawake na kadhalika. Kila fungu lilikuwa na makisio yake kuhusu ladha. Fungu hili huvumilia ukatili kwenye hadithi, lile halipendi. Hili linataka kisa kinachokwenda mbio, lile linataka fikra. Grundy ilichanganya makisio hayo, ikakuchagulia riwaya, ikakueleza kwa nini imekuchagulia hiyo.

Najua mnachokiwaza. Kuwapanga watu kwenye mafungu kwa maneno matatu ni jambo la hatari, na sisi ambao tumepangwa kwenye mafungu na watu wengine tangu enzi za babu zetu tunalijua vizuri. Ila Rich hakuishia hapo. Ukiikataa riwaya, Grundy haikukimbilia kukuletea nyingine. Ilikuuliza kwa nini. Kisa ni kirefu? Ukatili umezidi? Jibu lako lilikwenda kusahihisha picha yako, na pia kusahihisha lile fungu ulilowekwa, ili mtu wa baadaye asidhaniwe vibaya kwa sababu hiyo hiyo. Rich alipoipima, watu walivipenda vitabu ilivyowachagulia kuliko vile walivyopewa kwa kubahatisha.

Grundy ilikuwa kitu cha maabara. Haikuuzwa, haikusambazwa. Lakini ninapoifikiria simu yangu na zile figo, swali lile la "kwa nini" ndilo linalonijia.

Watu wanaofanana nawe

Miaka ya mwanzo ya 1990 wazo jipya liliingia. Badala ya mashine kusoma waraka na kuulinganisha na wewe, kwa nini isikulinganishe wewe na watu wengine? Kama mimi na wewe tumekubaliana kuhusu vitabu kumi, basi cha kumi na moja ulichokipenda huenda nami nikakipenda. Mashine haina haja ya kujua kitabu kinahusu nini.

Mwaka 1992 watafiti wa kituo cha Xerox huko Palo Alto, waliokuwa wamezidiwa na barua pepe, walieleza mfumo wao ulioitwa Tapestry. Mwaka 1994 ukaja GroupLens, ambapo wasomaji wa mijadala ya Usenet walizipa makala alama 1 hadi 5. Mwaka huo huo chuo cha MIT kikatoa Ringo, ya muziki. Hiyo ilifanya kazi kwa barua pepe: unatuma orodha ya wanamuziki na alama zako, 1 hadi 7, nayo inakurudishia majina ya wanamuziki ambao huenda utawapenda. Ringo ilizaa kampuni iliyojulikana kama Firefly, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 1998.

Angalieni kwamba swali bado lipo, ingawa limepungua. Grundy iliuliza kwa nini. Ringo iliuliza kiasi gani. Unatoa namba, basi. Hata hivyo namba hiyo umeitoa wewe, kwa hiari, ukijua unamfundisha nani.

Swali lililochosha wateja

Mahali swali lilipokufia, kwa kadiri nilivyoweza kufuatilia, ni kwenye duka la vitabu.

Amazon ilifungua mlango mwaka 1995 ikiuza vitabu tu. Wengi wamesahau kwamba siku zile iliajiri wahariri, watu wa kusoma na kuandika kama sisi, waliokuwa wanachagua vitabu vya kuweka mbele na kuviandikia tahakiki. Sambamba na wahariri ilijaribu huduma iliyoitwa BookMatch, iliyotengenezwa na hao hao Firefly. Mteja aliombwa avipe alama vitabu kadhaa, ndipo apate mapendekezo. Mfumo ulikuwa mzito, tena unazimika mara kwa mara. Zaidi ya hapo wateja wenyewe hawakutaka. Nani amekuja dukani kufanya mtihani?

Basi kampuni ikageuka. Badala ya kuwauliza watu wanapenda nini, ikaangalia walichokwisha kununua. Ukinunua kitabu hiki, walionunua hiki walinunua na kile. Mwaka 2003 wahandisi watatu wa kampuni hiyo, Linden, Smith na York, walieleza mbinu yenyewe hadharani: linganisha bidhaa na bidhaa kwa kuangalia zipi hununuliwa na watu wale wale. Ilikuwa rahisi, ya haraka, na iliuza. Iliuza kuliko wahariri. Meza za wahariri zikaanza kupungua, na nafasi walizokuwa wanaandikia zikajazwa na mapendekezo ya mashine.

Ningependa kuwalaumu, lakini nikijitazama mwenyewe, na mimi nisingejaza ile fomu. Wateja walichoka kuulizwa, duka likaacha kuwauliza. Tatizo ni kwamba baada ya hapo hakuna aliyerudi kuuliza tena, hata pale palipokuwa na haja.

Yaliyofuata mnayajua, nitapita haraka. Mwaka 2006 Netflix ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha makisio yake ya nyota kwa asilimia 10. Ilichukua karibu miaka mitatu, ikatolewa Septemba 2009, na timu ya pili ilikuwa imefikia kiwango kile kile ikachelewa dakika 20 tu kuwasilisha. Lakini watu walipoanza kutazama filamu moja kwa moja mtandaoni, kampuni ikawa inaona umetazama nini, saa ngapi, umeachia wapi. Nyota zikapoteza uzito, na mwaka 2017 zikaondolewa, vikawekwa vidole gumba. Septemba 2006 Facebook ikaanza kumpangia kila mtu ukurasa wake wa habari. Mwaka 2012 YouTube ikaanza kuhesabu muda uliotazama badala ya idadi ya mara ulizobofya. Mwaka huo huo, Beijing, kampuni ya ByteDance ikatoa programu ya habari iitwayo Toutiao, kisha baadaye ikaja na TikTok. Huko huchagui kabisa. Video inaanza yenyewe, na mashine inapima umekaa sekunde ngapi kabla ya kupitisha.

Kutoka tundu kwenye kadi mpaka sekunde ya kidole, safari ni ya miaka kama sitini.

Anayehudumiwa ni nani

Wapo watakaoniambia kutazamwa ni bora kuliko kuulizwa, kwa sababu binadamu hujidanganya. Wana hoja. Mimi mwenyewe ukiniuliza ninasoma nini nitakutajia riwaya nzito, na jioni utanikuta natazama vichekesho. Matendo yangu yanasema ukweli ambao mdomo wangu unaona haya kuusema.

Ila matendo nayo yana namna yake ya kudanganya. Kusita siyo kupenda. Mtu husita kwa hofu, kwa hasira, kwa msiba. Ukimpima kwa kusita tu, utamletea kinachomshtua ukidhani ndicho anachokitaka. Na hapa kuna tofauti nyingine kati ya Luhn na simu yangu, ambayo sikuiona mwanzoni. Kwa Luhn, aliyelipia mashine alikuwa mwajiri aliyetaka mtaalamu wake apate waraka unaofaa na arudi kazini. Waraka usiofaa ulikuwa hasara kwa wote wawili. Simu yangu inalipiwa na matangazo. Kwake, nikisita kwa furaha au nikisita kwa uchungu, sekunde ni zile zile na bei ni ile ile. Haiulizi kwa nini kwa sababu jibu haliingii kwenye hesabu yake.

Mwaka 2011 Eli Pariser aliandika kitabu kuonya kwamba kila mtu atajikuta ndani ya povu lake la habari, asione ya wenzake. Onyo hilo limejadiliwa sana na lina haki yake. Langu ni dogo zaidi. Ndani ya povu langu mwenyewe, sikuwa na pa kusema kwamba mambo yamebadilika.

Karibu na Posta kuna mzee anauza vitabu vya mtumba, amevipanga chini juu ya turubai. Ananijua miaka tisa sasa. Naye ni mfanyabiashara, msidhani namfanya malaika. Anajua nikiona jalada la zamani la riwaya ya Kiswahili siulizi bei mara mbili, na bei anaipanga akijua hilo. Naye ana wasifu wangu kichwani.

Nilikwenda kwake mwezi wa pili baada ya mazishi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umepotea. Ulisafiri?"

Nikamweleza. Akanyamaza, akanipa pole, akaniuliza baba alikuwa mtu wa wapi na aliugua nini. Tukaongea kidogo. Alikuwa ameshika kitabu alichokuwa amenifichia, tayari kunipa. Akakitazama, akakirudisha ndani ya mfuko wake wa rambo.

"Hiki tukiache kwanza," akasema. "Utakiulizia mwenyewe."

Sikumuuliza kinahusu nini, na mpaka leo sijakiulizia.

Kwa ajili ya makala hii nimelazimika kuandika tena neno "figo" kwenye kompyuta, mara kadhaa, nikikagua tarehe na kumbukumbu zangu za miezi ile. Jana asubuhi nikafungua simu nikiwa kwenye daladala. Vyakula vitano vinavyolinda figo. Picha ni ile ile ya bakuli la matunda. Nikasita, nikakumbuka kwamba kusita kunahesabiwa, nikapitisha haraka. Na hapo pia nilikuwa naisemesha, kwa lugha pekee iliyonibakishia.